Maswali ya leza: namba za jirani si zako

Maswali ya leza za diodi, mashine za kukata na kuchonga kwa mwanga, yanayosema "nipe seti za mbao" (yaani kasi na nguvu) bila kutaja mashine, aina ya mbao wala unene wake nimeyaweka kando tena. Sina cha kumjibu mtu ambaye hajasema anakata nini.

Fundi, habari za kazi. Nina leza ya wati 40, nataka kukata plaiwudi ya milimita 3. Niweke kasi gani? (Nyakato)

Wati 40 za wapi? Zinazoandikwa kwenye boksi mara nyingi ni za umeme unaoingia, si za mwanga unaotoka. Mashine nyingi za bei ya chini zenye namba hiyo hutoa mwanga wa wati 5 hivi. Wati 10 za kweli hupatikana kwa kuunganisha miale ya diodi mbili (chipu zinazotoa mwanga wa leza wa buluu), na 20 kwa diodi nne. Soma karatasi ya maelezo, utafute nguvu ya mwanga wenyewe. Ikiwa ni 10, anzia milimita 300 kwa dakika, nguvu asilimia 100, kompresa ikipuliza hewa. Ikiwa ni 5, anzia 200, upitishe mara mbili au tatu.

Nimesema anzia. Plaiwudi mbili za duka moja zinaweza kuwa na gundi tofauti, na gundi ndiyo hugoma kukatika kuliko mbao. Kila unapoleta mbao mpya, choma gridi ya majaribio kwenye kipande cha pembeni: kasi zipungue mstari hadi mstari, nguvu ziongezeke safu hadi safu. Programu ya LightBurn inakutengenezea gridi hiyo yenyewe. Andika matokeo kwa kalamu juu ya kipande hichohicho na ukitunze. Nalirudia hili kila mara kwa sababu naona watu wanaharibu vibao vya wateja kwa namba walizopewa na mtu mwenye mashine nyingine, lenzi nyingine na mbao nyingine.

Isipopenya, usikimbilie kupunguza kasi. Futa lenzi kwanza. Moshi huganda pale, na huku kwetu Mwanza kuna wale vijidudu wa ziwani wanaofuata taa usiku. Mmoja akiungulia kwenye kioo, nguvu imeshapungua. Kisha angalia kama ubao umelala sawa. Unyevu hupinda plaiwudi, na fokasi (pale mwale unapokusanyika) ikihama kwa milimita moja au mbili tu, mwale unatanuka na kuunguza badala ya kukata. Bana ubao kwa sumaku. Hifadhi mbao zikiwa zimelazwa na kukandamizwa, si kuegeshwa ukutani.

Akriliki ya kupitisha mwanga inanikatalia kabisa. Niongeze nguvu? (Kirumba)

Hapana. Mwanga wa buluu unapita ndani yake na kuchoma meza iliyo chini. Tumia akriliki nyeusi, au mpelekee kazi mwenye leza ya gesi ya CO2.

Shikamoo fundi. Nataka kukata ngozi bandia za pochi. Nguvu asilimia ngapi? (Sengerema)

Marahaba, mwanangu. Sifuri, mpaka ujue imetengenezwa na nini. Ngozi bandia nyingi ni plastiki ya PVC. PVC ikiungua hutoa gesi ya kloridi ya hidrojeni, na gesi hiyo ikikutana na unyevu inakuwa asidi. Unyevu uko kwenye macho yako na kwenye mapafu yako. Itakula na reli za mashine, lakini reli zinauzwa. Hakuna kasi wala nguvu inayoifanya PVC iwe salama, na feni ya dirishani haikuokoi.

Kuipima ni rahisi. Ukiwa nje, shika waya wa shaba kwa koleo, uupashe moto mpaka uwe mwekundu, uugusishe kwenye ile ngozi, kisha uurudishe kwenye moto. Mwali ukigeuka kijani, kuna klorini: usiikate. Pima hivyohivyo stika za vinili na turubai za mabango. Bomba la maji la PVC halihitaji hata kupimwa. Na wanaofanya kazi hizi kwenye chumba wanacholala watoto, naomba mwihamishe mashine leo.

Na ngozi ya sangara iliyokwisha kusindikwa? (Igombe)

Inachongeka vizuri, ila muulize aliyeisindika. Iliyotengenezwa kwa magome ya miti, chonga, kwa nguvu ndogo na kasi kubwa, maana ni nyembamba. Iliyotengenezwa kwa kromu, iache; moshi wake unaweza kubeba kromu yenye sumu. Sehemu iliyokatwa ikiwa na rangi ya kijivu-buluu, shuku kromu.

Mashine yangu ni wati 10 za kweli, lakini inachonga hafifu hata kwenye asilimia 100. (Mkuyuni)

Swali zuri, na wengi wamekwama hapa wakilaumu diodi. Andika $$ kwenye konsoli (dirisha la amri ndani ya programu), uangalie thamani ya $30, yaani namba ambayo mashine inaihesabu kuwa nguvu kamili. Ikiwa ni 1000 huku programu yako ikiishia 255, asilimia 100 yako ni robo tu ya nguvu. Zilinganishe.

Pembe za mchongo zinaungua kuliko mistari. (Buzuruga)

Badili amri ya M3 (nguvu isiyobadilika) iwe M4 (nguvu inayofuata mwendo). Nguvu itashuka mashine inapopunguza mwendo kwenye kona.

Nachonga picha ya Mwamba wa Bismarck kwenye msonobari, inatoka na mistarimistari. (Capri Point)

Huo ndio msonobari, uwe wa Sao Hill au wa Rubya kule Ukerewe: sehemu laini ya pete huungua haraka, ngumu hubaki. Hakuna seti ya kuiondoa. Mninga nao ni mweusi mno kwa picha yenye vivuli. Chukua kigae cheupe, ukipake rangi nyeupe yenye dioksidi ya titani, uiache ikauke kabisa, uchonge kwa nafasi ya milimita 0.1 kati ya mistari, kisha uoshe rangi kwa thina mashine ikiwa imezimwa na iko mbali. Picha nyeusi itabaki imeshikana na kigae.

Miwani ya jua inatosha? (Igoma)

Haitoshi. Unahitaji iliyoandikwa kinga ya mwanga wa nanomita 445 hadi 455, OD (kipimo cha kuzuia mwanga) 5 au zaidi, na kila aliye chumbani avae yake, hata mteja aliyekuja kuchukua mzigo.