Bahasha niliyoitupa 2018

Wiki iliyopita dada mmoja anayeishi Sweden tangu 2022 aliniandikia: "Shikamoo dada. Nasikia hata sisi wenye pasipoti za nyumbani tunaruhusiwa kupiga kura huku. Si itakuwa kuingilia mambo ya watu?"

Marahaba, mdogo wangu. Na mimi niliwahi kufikiri hivyo.

Mwaka 2018 nilikuwa na miaka minne huku. Mwezi wa nane ikaja bahasha yenye jina langu, ndani kadi ya mpiga kura. Nikadhani wamekosea. Nikaitupa kwenye taka za karatasi, nikaenda zangu zamu ya usiku katika nyumba ya wazee. Miezi michache baadaye madiwani wapya wakapiga hesabu zao, na chekechea ya mtaani kwetu ikafungwa. Mwanangu alikuwa na miaka mitatu. Msimu mzima wa baridi nilimpeleka mbali kwa mabasi mawili, asubuhi giza totoro. Kwenye mkutano wa wazazi nilisimama kulalamika. Mzee mmoja akaniuliza kwa upole, "Wewe ulimchagua nani?" Sikuwa na jibu. Hadi leo nikilikumbuka swali lile uso unaniwaka.

Haki hii ipo tangu 1976. Sisi tuliotoka nje ya Ulaya tunatakiwa kuwa na miaka 18 na kuwa tumeandikishwa kama wakazi kwa miaka mitatu mfululizo. Tunachagua madiwani wa manispaa, karatasi nyeupe, na wa mkoa, karatasi ya buluu. Ya njano ni ya Bunge, hiyo ni ya raia peke yao, na naona ni sawa. Lakini manispaa ndiyo yenye chekechea, shule na nyumba za wazee. Mkoa una hospitali. Kodi wanayotukata kwa pamoja ni karibu asilimia 32 ya mshahara. Wazee wa mji huu nawaogesha mimi. Nani aniambie mambo yao hayanihusu?

Wapo wanaosema tuchukue uraia kwanza. Mkenya anaweza, Katiba ya 2010 inamruhusu kuwa na uraia wa nchi mbili. Mtanzania akichukua wa huku anapoteza wa kwao, na mimi siko tayari kurudi Muheza kwa mama yangu kama mgeni. Tena uchaguzi wa nyumbani siwezi kupiga kura nikiwa nje. Bila kura hii ya mtaa, sina sauti popote duniani.

Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Jembe nimeshika tangu siku ya kwanza. Anayelima aulizwe basi shambani panapandwa nini!

Tarehe 11 Septemba 2022 nilivaa kitenge changu kizuri, nikamshika mwanangu mkono. Msimamizi akatazama kitambulisho, akaweka alama kwenye daftari, bahasha zangu mbili zikaingia kwenye masanduku. Nilitoka pale kichwa juu. Mwanangu aliniuliza kama tumeshinda, nikamwambia ndiyo.

Kwa hiyo, mdogo wangu, fungua bahasha. Hakikisha anwani yako ni sahihi kule ofisi ya kodi, ambayo huku ndiyo inayoandikisha wakazi, kwa sababu daftari la wapiga kura hufungwa siku 30 kabla. Ukiwa na zamu, kura za mapema huanza siku 18 kabla, mara nyingi maktaba. Na bahasha ikija, ifungue! Mwaka ule wa 1976 wageni waliojitokeza walikuwa karibu asilimia 60. Siku hizi hatufiki hata nusu. Hilo linaniuma. Tunakesha WhatsApp tukilaumu shule za watoto wetu, halafu siku ya kusema tunalala. Ndugu zangu, tuamke.

Uchaguzi ujao ni Jumapili, 13 Septemba 2026. Zamu yangu ya siku hiyo nimeshabadilishana na mwenzangu. Ukiogopa kwenda peke yako, niandikie, nitakusindikiza.