Konsoli Ikizima kwa Joto: Tega Sikio Kwanza, Bisibisi Baadaye

Konsoli ikijizima katikati ya gemu na kutoa onyo la joto, wengi wetu hukimbilia mambo mawili: kuielekezea feni ya chumbani, au kuagiza pesti ya joto, ile krimu inayopakwa kati ya chipu na chuma cha kuipoza. La kwanza halitibu kitu. La pili huenda likahitajika, ila mara nyingi zamu yake bado. Nimefungua konsoli nyingi, zangu na za marafiki, na msimamo wangu ni kwamba tatizo la joto ni tatizo la hewa mpaka ithibitike vinginevyo. Tena kabla hujagusa skrubu hata moja, mashine yenyewe inaweza kukuonyesha inapoumwa, mradi utege sikio na uweke kiganja mahali pake.

Joto lina njia moja tu ya kutokea. Linazaliwa kwenye chipu kuu, ambayo tangu PS4 na Xbox One za mwaka 2013 imebeba prosesa na kazi ya picha kwa pamoja. Kutoka hapo linapita kwenye utando mwembamba wa pesti, linaingia kwenye hitisinki, yaani lile donge la chuma lenye mapezi membamba yaliyosongamana, kisha feni inasukuma hewa katikati ya mapezi hayo na kulitoa nje, mara nyingi kwa nyuma. Njia hiyo inaweza kukatika popote, na kila mahali inapokatika kuna dalili zake.

Kwa hiyo fanya jaribio hili. Iache konsoli ipoe kabisa, iwashe, weka gemu nzito unalolijua. Kukaa kwenye menyu hakutoshi, maana hapo chipu haina kazi ya maana. Baada ya dakika kumi au kumi na tano weka kiganja pale hewa inapotokea.

Kama hewa ni ya moto sana lakini inatoka kidogo, huku feni ikivuma kama inataka kupaa, mapezi yameziba. Chuma kinapokea joto vizuri, feni inajitahidi, ila njia ya hewa imefungwa. Hili ndilo ninalokutana nalo mara nyingi kuliko yote, na ndilo rahisi kulitibu.

Kama hewa inatoka nyingi lakini ni vuguvugu tu, na bado onyo linatokea, hapo joto linabaki kwenye chipu na halifiki kwenye chuma. Sasa ndiyo zamu ya pesti. Nikiona dalili hii huwa siendi kupoteza muda na brashi, naandaa kazi ya kufungua mpaka ndani.

Kama feni iko kimya wakati mashine inachemka, au inakwaruza, au inaanza na kukwama, basi feni yenyewe imechoka. Beringi huisha. Feni ya kuchukua nafasi yake hupatikana, ila hakikisha namba iliyoandikwa kwenye kibandiko chake inafanana na ya zamani, kwa sababu konsoli moja inaweza kuwa na matoleo kadhaa yenye feni zisizoingiliana.

Halafu kuna ile inayozima sekunde chache baada ya kuwashwa, ikiwa baridi. Hapo usiwaze vumbi, maana vumbi halichemshi chipu kwa sekunde chache. Huenda hitisinki haijakaa sawa juu ya chipu, hasa kama mtu aliwahi kuifungua, au tatizo ni la umeme na joto halihusiki kabisa. Vivyo hivyo ikizima ghafla, bila onyo na bila feni kupandisha sauti: mshuku pawasaplai kwanza, yaani kifaa kinachoipa mashine umeme.

Ukishajua uko upande gani, angalia konsoli inakaa wapi. Mwongozo wa PS4 unataka angalau sentimita 10 kutoka ukutani, na konsoli nyingi zimetengenezwa kufanya kazi kwenye hewa ya kati ya nyuzi 5 na 35. Kabati la televisheni lenye mlango huvuka nyuzi 35 haraka sana, hata chumba chenyewe kikiwa na ubaridi, kwa sababu mashine inavuta tena hewa iliyotoka kuitema. Zulia nalo ni baya. Ukiitoa hapo, ukaiweka mezani na onyo likapotea kabisa, kazi imeisha, usifungue kitu.

Usafi wa nje unafuata. Kuna mjadala usioisha kati ya wanaonyonya vumbi kwa vakyumu na wanaolipuliza kwa kopo la hewa ya kubana. Mimi napuliza, na vakyumu naishika pembeni ipokee vumbi linaloruka, bila kugusa kitu. Kopo lishike wima. Ukilipindua linatema kimiminika baridi sana ambacho hutaki kiguse bodi ya saketi. Na mabapa ya feni yazuie yasizunguke unapopuliza, kwa kijiti cha plastiki au kidole kama kinafika. Feni inayozungushwa kwa nguvu ya hewa huumiza beringi zake, na inaweza kuzalisha umeme kidogo unaorudi kwenye bodi.

Wenye PS5 wamerahisishiwa hapa. Sahani zake za pembeni hutoka kwa mkono bila bisibisi, na chini yake kuna matundu mawili yaliyowekwa makusudi kukusanya vumbi. Nyonya hapo, futa feni kwa brashi laini, rudisha sahani. Kwa konsoli hiyo mimi huishia hapo, sababu nitaieleza mbele.

Kwa nyingine, kusafisha nje mara nyingi hakufiki kwenye uchafu wenyewe. Uchafu unakaa kati ya feni na mapezi, mahali ambapo kopo la hewa likipulizwa kupitia matundu ya nje linaugandamiza tu. Ukifungua kwa mara ya kwanza konsoli iliyotumika miaka kadhaa utaona nina maana gani. Unatoa feni, na nyuma yake, juu ya mapezi, kuna tabaka la kijivu lililoshikana, nene kuliko kadibodi. Lishike pembeni kwa kibano ulibandue polepole, linatoka kipande kizima, na upande wake wa ndani una mistari iliyonyooka, alama ya kila pezi. Libandue kwanza, ndipo upulize, na upulize kutokea upande wa pili wa mapezi ili kilichobaki kirudi kilikotoka badala ya kuzama zaidi.

Lakini kabla ya kufika huko kuna mambo ya usalama ambayo sitanii nayo. Chomoa waya wa umeme, bonyeza kitufe cha kuwashia kwa sekunde kadhaa ili umeme uliobaki utoke, kisha subiri. Konsoli kama PS4 zina pawasaplai ndani ya kasha lenyewe. Unaweza kuitoa nzima ikiwa kwenye boksi lake, ila boksi hilo usilifungue hata kama unaona vumbi kupitia matundu yake. Kapasita zilizomo zinaweza kushikilia umeme wa hatari muda mrefu baada ya plagi kuchomolewa. Vumbi la mle lipulize kwa nje.

Bisibisi ya kawaida haitatosha. PS4 na Xbox nyingi zinafungwa kwa skrubu za nyota za Torx, saizi ya T8 yenye tundu katikati au inayokaribiana nayo. Nintendo Switch kwa nje ina skrubu za ncha tatu. Kulazimisha bisibisi isiyo yake ni kuila skrubu kichwa, na skrubu iliyolika kichwa ni mateso ya siku nzima. Tovuti ya ukarabati ya iFixit ina maelekezo ya picha ya konsoli nyingi bila malipo. Yafungue kwenye simu, uyasome mpaka mwisho kabla ya kuanza, maana mengine yanakuonya kuhusu waya katika hatua ya sita wakati wewe umeshaunyofoa katika ya tano.

Skrubu zipange kwenye karatasi uliyochora umbo la konsoli, kila moja mahali ilipotoka. Zinafanana kwa macho lakini urefu hutofautiana, na ndefu ikiingia kwenye tundu la fupi inaweza kutoboa au kukwaruza bodi. Nyaya bapa zile nyembamba zina vifungo vidogo vya plastiki vinavyoinuliwa kwa ukucha. Kama waya hautoki kwa upole, bado hujauona wote unaoushikilia.

Suala la waranti huulizwa sana. Kama bado ipo, warudishie waliotengeneza mashine, usijisumbue. Marekani, Aprili 2018, tume ya biashara ya nchi hiyo ilizionya kampuni kadhaa kwamba kusema waranti inakufa kwa kibandiko kuchanwa ni kinyume cha sheria. Kama uko kwingine, soma sheria za nchi yako.

Sasa pesti. Ukiinua hitisinki na kukuta pesti ya zamani imekauka, inabanduka vipandevipande na ina nyufa, umepata mchawi. Ondoa kubwa kwa kadi ya plastiki, kisha futa kwa spiriti ya isopropili ya asilimia 90 kwenda juu na kitambaa kisichoacha nyuzi, chipu na chuma vyote viwili, mpaka chuma king'ae na kitambaa kitoke safi. Spiriti dhaifu zina maji mengi, usizitumie. Weka tone dogo katikati ya chipu na ulisambaze kwa kadi liwe utando mwembamba unaofunika uso wote. Kwenye kompyuta watu huacha tone lijisambaze lenyewe kwa mgandamizo, na kwa chipu zenye kofia ya chuma ni sawa. Chipu iliyo uchi ina kona, na kona iliyokosa pesti inachemka peke yake. Wingi nao si sifa. Pesti nene inazuia joto, kwa kuwa kazi yake ni kujaza vijishimo visivyoonekana kati ya chuma na chuma, basi.

Utaona pia vipande laini kama mpira vimelala juu ya chipu za kumbukumbu na sehemu za umeme. Vikiwa vizima, viache. Vikichanika, badilisha kwa vyenye unene uleule wa milimita. Kuna watu huvitoa na kupaka pesti badala yake, na hapo pesti haiwezi kuziba pengo la milimita nzima, kwa hiyo chipu hizo zinabaki bila kupozwa kabisa. Wakati wa kurudisha hitisinki, kaza skrubu kwa msalaba, kidogo huku, kidogo kule, mpaka zote zishike sawa. Ukikaza upande mmoja mpaka mwisho, upande wa pili unainuka na pesti yako inasukumwa yote pembeni.

Sababu niliyoahidi kuhusu PS5: badala ya pesti ya kawaida ina metali ya kimiminika. Inapitisha joto vizuri ajabu, na inapitisha umeme vilevile. Tone moja likitambaa nje ya ukuta wake wa sponji likagusa sehemu ya bodi, konsoli imekwenda. Na metali za aina hiyo, zenye galiamu, hula alumini. Hii si kazi ya mezani nyumbani, na ninaisema nikiwa mtu anayependa sana kufungua vitu.

Jambo jingine ninalolipiga marufuku ni oveni. Kuna kizazi kilichokua na Xbox 360, iliyotoka 2005, na taa zake nyekundu za mauti, zilizowaka mashine ilipokufa. Tatizo lilikuwa kubwa kiasi kwamba Julai 2007 Microsoft waliongeza waranti ya hitilafu hiyo hadi miaka 3 na kutenga zaidi ya dola bilioni moja. Watu walizifunga taulo zijichemshe zenyewe, au wakaziweka bodi kwenye oveni, na nyingine kweli zikafufuka kwa siku chache. Ufafanuzi uliotolewa na Microsoft wenyewe mwaka 2021 ni kwamba viungio vilivyokatika vilikuwa ndani ya chipu, kutokana na kupata moto na kupoa mara nyingi mno. Oveni haiungi kiungio cha ndani, inakigusanisha kwa muda tu, huku ikichemsha kapasita na plastiki ambazo hazikuwa na kosa. Ukiona mtu bado anashauri hivyo kwa konsoli ya leo, mpite.

Ukimaliza kazi, funga kasha lote kabla ya kuijaribu. Konsoli iliyo wazi haipoi vizuri zaidi kama inavyodhaniwa, kwani kasha ndilo linaloielekeza hewa ipite kwenye mapezi badala ya kuchukua njia ya mkato. Kisha rudia lile jaribio: gemu lilelile, muda uleule, kiganja palepale. Unachokitaka ni hewa ya moto, nyingi, inayotoka kwa feni isiyopiga kelele. Watu hushtuka kuona hewa ya moto wakadhani kazi imeharibika, kumbe joto linalokufikia kiganjani ni joto ambalo haliko tena kwenye chipu.

Kama umesafisha, umepaka pesti, feni inazunguka vizuri na bado inazima palepale, tatizo limehamia kwenye bodi au pawasaplai, na huko kunahitaji vifaa vya kupimia. Mpelekee fundi anayefanya kazi za bodi, na mweleze kila ulichogusa, pesti ya aina gani, vipande vipi ulibadilisha, inazima baada ya muda gani ikiwa baridi na ikiwa moto. Kabla ya kumkabidhi, wakati bado inawaka hata kwa dakika chache, nakili gemu ulizohifadhi kwenye diski ya nje au mtandaoni.