Tela dogo la mtumba: nilinunue au nijengewe jipya?

SWALI: Shikamoo fundi. Mimi ni mkulima wa nyanya hapa Ilula, Iringa. Shamba langu liko kilomita 14 kutoka barabara kuu. Siku ya kuchuma napata matenga 60, na tenga likijaa lina kilo 40 hivi. Nina Hilux ya dizeli ya 2008, inabeba matenga 22. Naenda safari mbili, yanayobaki namkodi mwenye Kirikuu, ile pikapu ndogo, kwa shilingi 35,000. Kwa msimu nina siku kama 30 za namna hiyo.

Nimepata tela dogo la mtumba kutoka Uingereza, la matairi mawili, halina breki. Bodi yake ni mita 2 kwa 1.2, kina sentimita 40. Lina kibati kimeandikwa 750 kg, lakini muuzaji anasema hata tani moja na nusu linabeba. Tairi moja imeandikwa 145/80R10 74N, nyingine 145/80R10 69S. Halina springi za majani, na likiwa tupu limelalia kidogo upande wa kushoto. Limepakwa rangi juzi. Makaratasi anasema yapo, na kweli lina namba ya njano ya Uingereza. Anataka milioni 2.6. Fundi mmoja wa Iringa mjini anasema atanijengea jipya kwa milioni 3.2. Nataka pia libebe mchanga, naanza kujenga, na pengine kushusha nyanya hadi Ruaha Mbuyuni. Nilichukue?

JIBU: Marahaba. Umefanya jambo ambalo wengi hawafanyi, umesoma maandishi ya tairi. Hayo yamenisaidia kuliko picha ishirini.

Tuanze na mzigo wako. Ile 750 si mzigo unaoruhusiwa kuweka ndani. Ni uzito wa tela pamoja na vyote vilivyomo. Tela la ukubwa huo likiwa tupu huwa na kilo 200 hadi 220, hivyo mzigo halali ni kama kilo 530. Kitabu cha Hilux za miaka hiyo nacho kinaruhusu kilo 750 kwa tela lisilo na breki, kwa hiyo hata ukibadilisha tela, bila breki huvuki hapo. Hiyo tani moja na nusu ya muuzaji iache hapohapo kwake.

Lakini angalia hesabu yako ya matenga. Ukiweka 20 kwenye pikapu na 10 kwenye tela, safari mbili zinamaliza 60. Matenga 10 ni kilo 400, ongeza uzito wa tela, unafika 610 au 620. Iko ndani. Kirikuu humwiti tena, na 35,000 mara siku 30 ni 1,050,000 kwa msimu. Kwa bei ya milioni 2.6 tela lingejilipa kwenye msimu wa tatu, kama halitakudai kitu kingine. Nimesema 20 na si 22 kwa makusudi, kwa sababu kichwa cha tela, ile ncha ya mbele inayoungwa na pikapu, nacho kinakalia pikapu, na uzito huo unahesabika kama mzigo wa pikapu.

Kwa nyanya, basi, tela la aina hii linakufaa. Tatizo ni hili moja ulilolipata.

Anza na matairi. Ile namba inayofuata ukubwa ndiyo inayosema tairi inabeba kiasi gani: 74 ni kilo 375, 69 ni kilo 325. Matairi mawili ya 74 yanatoa 750, ndivyo kibati kilivyopangwa. Mtu alipobadilisha moja akafunga ya gari dogo la abiria, akashusha uwezo wa tela zima hadi kwenye 650, maana mzigo unagawana pande mbili na dhaifu ndiyo inayoamua. Tazama pia zile tarakimu nne za mwisho baada ya herufi DOT. Ukikuta 2214, tairi ilitengenezwa wiki ya 22 ya mwaka 2014. Kashata za tairi zinaweza kuwa nzima kabisa na mpira umeshakufa, kwa sababu tela hukaa sana kuliko linavyotembea. Kunja ubavu wa tairi kwa kidole gumba uone kama una nyufa.

Halafu jiulize utapata wapi tairi ya inchi 10 pale Ilula ikipasuka matenga yakiwa juani. Bajaji inatumia ya inchi 8, Kirikuu inchi 12. Wengine watakushauri ufunge ringi za Kirikuu. Inawezekana, ila pima kwanza kwa rula kutoka katikati ya bolti moja hadi katikati ya ile inayotazamana nayo. Kuna za milimita 100 na kuna za 114.3. Kwa macho zinafanana, lakini nati ukiilazimisha itakaza upande na ringi itakuachia njiani. Tairi ya 12 pia ni kubwa zaidi. Tela tupu itazunguka vizuri, ukipakia itaanza kusugua madigadi.

Kinachonitia wasiwasi kuliko yote ni hilo kulalia kushoto. Matela mengi madogo ya Uingereza hayana springi za majani. Ndani ya bomba la ekseli mna mpira uliobanwa, na mkono wa chuma unaoshika habu, yaani kitovu cha gurudumu, unajipinda dhidi ya mpira huo. Lala chini utazame pembeni: tela likiwa tupu, mkono uwe umeinamia chini kuelekea kwenye tairi. Ukiwa umelala sawa na ardhi, au umeinuka, mpira umekwisha. Tela tupu likilalia upande mmoja, nina uhakika karibu wote kwamba mkono wa kushoto ndio uliokufa. Na mpira ule hauchomelewi wala haufumuliwi, unabadilishwa mzima, kwa kawaida pande zote mbili. Kama hupati, fundi anakata ekseli yote na kuweka ya springi za majani. Hiyo ni pesa na siku kadhaa, na baada ya hapo kile kibati cha 750 hakimaanishi tena alichokusudia mtengenezaji.

Rangi mbichi kwenye tela la mtumba mimi huihesabu kama kasoro mpaka mwenye mali anionyeshe vinginevyo. Chukua nyundo ndogo na bisibisi. Gonga mkono wa kuvutia pale unapoungana na fremu, chini, si juu. Chuma kizima kinalia, kilicholiwa na kutu kwa ndani kinatoa sauti ya debe lenye pumba. Pitisha kidole kwenye maungio. Ukikuta mchomeleo juu ya mchomeleo, hapo liliwahi kukatika. Kisha chukua kamba, pima kutoka kichwa cha tela hadi katikati ya habu ya kulia, halafu ya kushoto. Zikipishana zaidi ya sentimita moja, ekseli imehama au imepinda, na utakuwa unanunua tairi kila msimu.

Beba jeki yako mwenyewe, usitegemee ya muuzaji. Inua upande mmoja, shika tairi juu na chini, itikise. Ukisikia mchezo, beringi au nati ya habu. Izungushe huku kiganja kimegusa fremu, beringi mbovu utaihisi kabla ya kuisikia. Mwombe afungue kifuniko cha habu. Grisi nyeupe kama uji imeingiwa na maji, nyeusi yenye vimetameta ni chuma kinachosagika. Beringi ina namba ubavuni, na matela haya mara nyingi ni 44643 au 44649. Iandike, pita nayo duka la beringi Iringa mjini kabla hujatoa hata shilingi. Ikiwa iko kwenye shelfu, hilo tatizo dogo. Ikiwa ni ya kuagiza, punguza bei au ondoka.

Sasa makaratasi, na hapa muuzaji ama hajui ama anakuzuga. Kule Uingereza tela dogo halina namba yake lenyewe. Linabeba namba ya gari linalolivuta, ile ya njano ya nyuma. Kwa hiyo kibao ulichoonyeshwa ni namba ya gari la mtu, na hakithibitishi lolote kuhusu tela. Unachotakiwa kuona ni nyaraka za forodha za kuliingiza nchini, au kadi ya TRA, mamlaka ya mapato, kama limeshasajiliwa, na namba ya chesisi iliyogongwa kwenye chuma ilingane na iliyo kwenye karatasi. Bila hivyo huwezi kulihamishia kwenye jina lako, na trafiki wa kwanza atakayekusimamisha atakuuliza swali ambalo muuzaji hatakuwepo kulijibu. Kampuni ya bima yako pia iambie kwamba pikapu itavuta tela.

Mchanga. Bodi yako ikijaa hadi ukingoni ni karibu mita moja ya ujazo. Mchanga mkavu wa ujazo huo una kilo 1,600 hivi, na mbichi unazidi. Ukijaza umeweka mara tatu ya unachoruhusiwa, na tela halitakatika siku hiyo, litakatika siku nyingine likiwa na nyanya. Kwa mchanga mkavu kina kisizidi sentimita 14. Piga mstari wa chaki ndani ya bodi, utaona jinsi ulivyo chini, na vijana wa koleo watakucheka. Kodi lori la mchanga, ndugu yangu. Safari moja inamaliza unachohangaika nacho wiki nzima.

Ruaha Mbuyuni maana yake kushuka mlima Kitonga. Hapana. Tela lisilo na breki likiwa nyuma, breki za Hilux peke yake zinashikilia pikapu, matenga 20 na kilo 600 zinazosukuma kutoka nyuma, kona baada ya kona, na malori mbele na nyuma yako. Gia ndogo inasaidia, lakini kona ya ghafla haisubiri gia. Tela lako liishie barabara kuu.

Na hata huko shambani, panga matenga mengi yawe mbele kidogo ya ekseli. Weka mzani wa bafuni chini ya kichwa cha tela, juu ya kipande cha gogo ili kikae urefu uleule wa kwenye pikapu. Usome kilo 40 hadi 60. Kichwa kikiwa chepesi tela linaanza kupiga mkia. Mimi liliwahi kunipata na mbao za Mafinga, nilizipakia zikazidi nyuma kwa kuwa nilikuwa na haraka. Kwenye kilomita 70 kwa saa tela lilianza kutikisa pikapu kushoto na kulia, kila mtikisiko mkubwa kuliko uliopita. Mguu ulitaka kukanyaga breki. Niliuondoa tu kwenye mafuta, nikashika usukani bila kupambana nao, likatulia lenyewe baada ya kama mita mia mbili. Nilipofika mahali pa kuegesha nilishuka nikakaa chini.

Kitu cha mwisho cha kupima ni ile goroli kubwa ya chuma nyuma ya Hilux inayoshika kichwa cha tela, kama unayo. Kichwa cha tela la Uingereza kinataka ya milimita 50. Za Kimarekani ni 50.8, hazifungi vizuri. Ikiliwa ikafika 49, itupe. Na hicho kiungo kifungwe kwenye chesisi kwa bolti pande zote mbili, kisichomelewe kwenye bampa, na kuwe na mnyororo wa akiba.

Ningekuwa wewe nisingetoa milioni 2.6. Tairi moja ya kubadili, mpira wa ekseli uliokufa na karatasi za mashaka ni vitu vitatu vya gharama. Akikuonyesha nyaraka za forodha, mpe milioni 1.2, ulichukue kwa fremu na bodi, kisha umpelekee fundi aweke ekseli ya springi za majani. Asipokuonyesha, nenda kwa fundi wa milioni 3.2, lakini kabla hajakata chuma mwambie mambo mawili: habu ziwe na idadi ya bolti na nafasi ileile ya ringi za Hilux yako, ili tairi moja ya akiba itumike kote, na akupe kwa maandishi ekseli inabeba kilo ngapi na atakusaidiaje kulisajili. Akisitasita kwenye hilo la pili, msimu huu endelea na Kirikuu.