Jibu: Je, Agustín Argüelles alikwenda uhamishoni mwaka 1814 au 1823?

Salaam ndugu. Umeuliza kwa nini kitabu kimoja kinasema Argüelles, mwanasiasa mliberali wa Hispania, alipelekwa Ceuta, mji wa Hispania ulioko pwani ya Afrika Kaskazini, na kingine kinasema alikimbilia London, ilhali vyote vinamtaja mfalme yuleyule, Fernando VII. Nami nilikwama hapohapo nilipokuwa nikiandaa somo la historia ya Hispania, mpaka nilipoacha kutazama majina ya miji nikaanza kutazama miaka.

Angalia kwanza kama tukio ni la kabla ya 1820. Usiku wa tarehe 10 Mei 1814, mfalme akiwa amekwisha kuifuta Katiba ya Cádiz ya 1812, iliyoweka mipaka kwa mamlaka yake, wabunge waliberali walikamatwa Madrid, Argüelles miongoni mwao; Ceuta basi ilikuwa kifungo, wala si uhamisho. Mapinduzi ya 1820, yaliyomlazimisha mfalme kuirudisha Katiba, yalimtoa Argüelles kifungoni, akawa waziri wa mambo ya ndani.

Uhamisho wenyewe ulianza 1823, jeshi la Ufaransa lilipomrudishia Fernando mamlaka yote. Wakimbizi wengi walikaa Somers Town, London, na walionekana wakitembea kimya karibu na kanisa la St Pancras, wamejifunika majoho yaliyochakaa, watu waliokuwa wametunga sheria za nchi nzima. Picha hiyo hunigusa kila mara. Argüelles alipata kazi ya kutunza maktaba ya Lord Holland, mwanasiasa na kabaila wa Uingereza, akarejea kwao 1834, mfalme akiwa amekwisha kufa.

Mwaka 1841 alifanywa mlezi wa Malkia Isabel II, binti wa mfalme huyohuyo.