Themostati iliyotolewa ndiyo inayokula mafuta

Swali la wiki lilikuwa: gari dogo la zamani linakula mafuta kupita kiasi, mwenye gari aanzie wapi? Nitajibu kwa Toyota Starlet, matoleo ya EP82 na EP91 yenye injini ya 4E-FE ya cc 1,331. Magari haya ya miaka ya 1990 bado yamejaa barabarani kwetu, na ugonjwa wao mkubwa ni ule waliotiwa na mafundi: kutolewa themostati.

Kabla ya kugusa chochote, pima. Jaza tangi mpaka pampu ikate yenyewe, rudisha mita ndogo ya kilomita kwenye sifuri, tembea kilomita 300 au zaidi, kisha jaza tena kituo kilekile. Kama umetembea kilomita 342 na zimeingia lita 38, gari linakwenda kilomita 9 kwa lita. Kuweka mafuta ya elfu kumi kumi na kuangalia mshale hakukupi hesabu yoyote.

Themostati ni vali inayozuia maji yasipite kwenye rejeta mpaka yafike nyuzi 82 hivi. Utasikia fundi akisema nchi yetu ni ya joto, haina kazi. Si kweli hata kidogo. Joto la Dar es Salaam ni nyuzi thelathini na kidogo, injini inataka zaidi ya themanini. Vali ikitolewa, maji yanapita kwenye rejeta tangu unapowasha, na ukiwa barabara kuu upepo unayapoza kuliko injini inavyoyapasha. Sensa ya joto la maji inaripoti kwamba injini bado ni ya baridi, na kompyuta ya injini inaendelea kumwaga petroli ya ziada kama ya asubuhi. Mara nyingi utakuta na feni imeungwa moja kwa moja na swichi, inazunguka tangu unapowasha. Hapo hata foleni ya mjini haiipashi injini vizuri.

Kuikagua ni rahisi. Asubuhi, injini ikiwa ya baridi, washa na ushike mpira wa chini wa rejeta, mkono ukiwa mbali na feni. Themostati nzima huuacha mpira baridi kwa dakika kadhaa, halafu joto linakuja kwa ghafla. Mpira ukianza kupata uvuguvugu polepole pamoja na injini, ama vali haimo ama imekwama wazi.

Mpya usiifunge bila kuijaribu. Itumbukize kwenye sufuria ya maji yenye kipimajoto, isiguse chini. Ianze kufunguka kati ya nyuzi 80 na 84, na kwenye 95 iwe imefunguka milimita 8 au zaidi. Weka na mpira wake mpya wa pembeni, na ile pini ndogo inayochezacheza ikae juu ili hewa itoke. Hewa ikibaki ndani, gari litachemka na themostati ndiyo itakayolaumiwa.

Gari likichemka hata baada ya hapo, themostati haikuwa na kosa. Aliyeitoa alikuwa anaficha ugonjwa mwingine: rejeta iliyoziba, mfuniko usioshika presha, feni mbovu au gasketi ya silinda hedi. Tibu huo.

Sensa ya joto nayo ipimwe kwa mita ya umeme. Kwenye nyuzi 20 isome ohmu 2,000 hadi 3,000, na kwenye nyuzi 80 isome 200 hadi 400. Kisha muulize kompyuta mwenyewe. Chini ya boneti kuna kiboksi chenye mfuniko ulioandikwa majina ya matundu. Unganisha TE1 na E1 kwa kipande cha waya, fungua swichi bila kuwasha injini, utazame taa ya injini kwenye dashibodi. Ikimeta sawasawa bila kupumzika, hakuna kosa lililohifadhiwa. Ikimeta mara mbili, ikatulia, ikameta mara mbili, hiyo ni 22, sensa ya joto. Namba 21 ni sensa ya oksijeni, ambayo huharibika upesi gari likiwa limeendeshwa muda mrefu na petroli nyingi. Ukishatengeneza, zima swichi na uchomoe fyuzi ya EFI (ya mfumo wa kunyunyizia petroli) kwa sekunde 10 au zaidi ili kufuta kumbukumbu.

Waya huohuo ndio unaohitajika wakati wa kupanga taimingi, yaani wakati plagi inapotoa cheche: nyuzi 10 za mzunguko kabla ya pistoni kufika kilele, injini ikiwa ya moto na TE1 imeungwa na E1. Taimingi iliyopangwa kwa sikio tu huwa si sahihi.

Mengine ni ya kawaida. Plagi yenye masizi meusi makavu inathibitisha petroli nyingi. Yenye 11 mwishoni mwa namba yake ina mwanya wa milimita 1.1. Upepo wa tairi pima asubuhi, kwa kipimo kilichoandikwa kwenye gari lenyewe. Inua kila gurudumu kwa jeki na ulizungushe kwa mkono: likigoma, breki imeshika, na hakuna tyuniapu itakayofidia hilo. Sumaku za kufunga kwenye paipu ya mafuta, zinazodaiwa kupunguza ulaji, ziacheni dukani.

Na wanaoteremka mlima Kitonga kwa frii, yaani gia ikiwa imetolewa, wakidhani wanaokoa mafuta, wanapoteza. Gari likiwa kwenye gia na mguu umetoka kwenye mafuta, kompyuta inakata petroli kabisa kwenye nozeli mpaka mizunguko ishuke. Kwa frii, injini inaendelea kunywa ili isizime, na breki zinabeba mlima wote peke yake.