Mleta mada, mzuie fundi wako kabla ya Jumamosi

Umeuliza duka lako la vinyago la mtandaoni lionekaneje kwenye Google: vichwa vya bidhaa viandikweje, picha ziwekweje, tovuti iwe nyepesi vipi, na kama utumie Kiswahili au Kiingereza. Yote hayo yanasubiri. Mimi nimegandia mstari wako wa mwisho: Jumamosi fundi anakuja hapo Bagamoyo kubadilisha anwani za kurasa zote ziwe fupi, na vinyago vilivyokwisha kuuzwa anavifuta. Mpigie simu leo hii, mwambie asiguse kitu.

Nauza bidhaa za mkonge hapa Tanga: vikapu, kamba, mazulia ya mlangoni. Ilinichukua miaka miwili mpaka mtu akiandika "kamba ya mkonge Tanga" kwenye Google analikuta duka langu juu kabisa. Ndipo akatokea fundi mmoja mwenye maneno matamu, akasema anwani zangu zimejaa namba namba, Google haizipendi. Nikampa laki nne. Usiku mmoja akabadilisha anwani 86. Hiyo ilikuwa Novemba, hoteli zinaagiza vikapu vya msimu wa Desemba.

Wiki ya kwanza sikuona kitu. Ya pili simu zikapungua, ya tatu zikakatika. Jirani akasema nimerogwa. Jamani, wachawi wa Tanga wanasingiziwa mengi, lakini hili halikuwa lao! Jioni moja nimekaa barazani Ngamiani, nikajitafuta mwenyewe kwa simu. Duka lipo, la pili. Nikabonyeza kamba ya milimita 12: "Ukurasa haupatikani." Nikarudi, nikabonyeza kikapu chenye mfuniko: "Ukurasa haupatikani." Mikono ilinitetemeka. Wateja walikuwa wanafika mlangoni kila siku, wanakuta ukuta.

Elewa hapa, ndugu yangu. Google haikijui kikapu, inaijua anwani. Sifa yote uliyojijengea, na kila linki ambayo watu wameiweka kwenye kurasa zao, imefungwa kwenye ile anwani ya zamani. Ukiibadilisha bila kuacha maelekezo ya kumpeleka mtu kwenye anwani mpya, roboti wa Google, ile programu inayopita kusoma kurasa, akija anakuta patupu, akirudi tena anakuta patupu, mwisho anauondoa ukurasa. Ule mpya unaanza moja, kama duka lililofunguliwa jana.

Nilipombana fundi, kwanza akasema litajirekebisha lenyewe. Kisha akafanya baya zaidi: anwani zote za zamani akazielekeza ukurasa wa mbele. Mtu anatafuta kamba, anatupwa kwenye picha ya mazulia, anaondoka. Na Google nayo haidanganyiki, elekezo la namna hiyo inalihesabu sawa na ukurasa usiokuwepo. Baada ya hapo hakupokea simu zangu tena. Nilichelewesha marejesho ya kikoba miezi miwili kwa ajili ya mtu yule, na mpaka leo nikimkumbuka nakosa usingizi.

Kilichoniokoa ni daftari. Kushoto nikaandika anwani ya zamani, kulia mpya ya bidhaa ile ile, mstari kwa mstari, 86 zote. Kijana mwingine akaziwekea elekezo la kudumu, lile la 301, moja kwa moja, kamba kwa kamba, kikapu kwa kikapu. Google wenyewe wanashauri maelekezo hayo yabaki angalau mwaka mzima. Mimi sitayaondoa kabisa. Kurasa nyingi zilirudi polepole, nyingine hazikurudi zilipokuwa.

Kwa hiyo anwani ambayo Google imeshaijua haiguswi. Kama haina budi, 301 iende kwenye bidhaa yenyewe, siku hiyo hiyo. Faida ya anwani fupi ni ndogo mno, haifai kuhatarisha duka. Na kinyago kilichouzwa usikifute kama utachonga kingine cha aina hiyo: acha ukurasa, andika "kimeisha, kinachongwa kingine", weka linki ya vinavyofanana nacho.

Vichwa: taja kitu, mti uliotumika na kipimo chake, basi.

Leo usiku ingia Search Console, kile chombo cha Google cha wenye tovuti, pakua orodha ya kurasa zako zote zinazoonekana, uiweke mahali ambapo fundi hafiki. Daftari langu bado ninalo. Ukitaka kuona nilivyolipanga, sema, nikupigie picha ukurasa mmoja niuweke hapa.