Mjane na senti mbili: kumfundisha mtoto mdogo kuhusu Mungu na fedha

Mwalimu mpya wa Shule ya Jumapili akipangiwa somo la fedha, mara nyingi hukimbilia zaka. Kwa watoto wa miaka 5 hadi 8 hapo si pa kuanzia. Wengi wao hawajajua moja ya kumi ni nini, na ile shilingi mia wanayotoa wamepewa na mama mlangoni pa kanisa. Mtoto ajue kwanza vitu ni vya nani, ndipo aje kwenye kutoa.

Kwa hiyo dakika tano za mwanzo ziwe za Zaburi 24:1: "Nchi na vyote viijazavyo ni mali ya BWANA." Waimbishe kipande hicho tu, kisha waulize andazi la asubuhi limetoka wapi. Watasema dukani. Unga je? Ngano? Na ngano ilioteshwa na nini? Wakifika kwenye mvua, watamtaja Mungu wenyewe, na jibu walilolifikia wao hukaa kuliko lile ulilowapa.

Halafu ingia Marko 12:41-44, na waigize. Tafuta kopo tupu la maziwa ya unga, sarafu 20 za shilingi mia na 2 za shilingi hamsini. Usitandike kitambaa ndani ya kopo, maana kelele ya bati ndiyo unayoitaka. Matajiri wawili wapewe sarafu kumi kumi za mia; mjane apewe zile mbili za hamsini. Kila tajiri adondoshe nne, moja moja, kwa mbwembwe. Mjane adondoshe zake mbili. Sasa uliza: nani ametoa nyingi? Darasa zima litawaonyesha matajiri, na waache waseme hivyo. Usiwasahihishe. Waambie waigizaji wafungue viganja. Tajiri amebakiwa na sita, mwenzake sita, mjane hana kitu. Nyamaza kidogo, kisha soma maneno ya Yesu: matajiri walitia baadhi ya mali iliyowazidi, bali mjane ametia "riziki yake yote pia". Somo zima liko kwenye viganja hivyo. Mwalimu anayeeleza kabla ya kuvifunguza amelimaliza somo kabla halijaanza.

Uangalifu mkubwa uko kwenye kumchagua mjane. Usimpe nafasi hiyo mtoto ambaye kwao kweli kuna shida, au aliyefiwa na mzazi. Wenzake watamwita mjane wiki nzima. Mpe mtoto mchangamfu ambaye hakuna atakayedhani anajiigiza mwenyewe. Hesabu sarafu kabla na baada: kwenye kopo ziwe shilingi 900, mikononi 1,200. Darasa likiwa na watoto wa chini ya miaka minne, sarafu zishikwe na mwalimu tu, kwa sababu mtoto wa umri huo hutia mdomoni na anaweza kupaliwa.

Soma pia aya ya 40 kabla ya kuandaa somo. Hapo Yesu anawakemea waandishi, yaani walimu wa sheria ya dini, ambao "hula nyumba za wajane". Anayemsifu mjane ndiye huyo huyo aliyetoka kuwakaripia wanaomnyonya. Basi habari hii isigeuzwe fimbo ya kuwafanya watoto maskini watoe hela ya mwisho, wala wasiotoa wasisimamishwe mbele. Mashindano ya sadaka kati ya wavulana na wasichana, yaliyozoeleka sehemu nyingi, yanavunja somo hili moja kwa moja: yanarudisha macho ya mtoto kwenye kelele ya kopo.

Kosa jingine ni kumwahidi mtoto kwamba akitoa mia Mungu atamrudishia mia mbili. Mtoto ataisubiri. Asipoiona, atahitimisha kwamba Mungu hasemi kweli, au kwamba yeye hapendwi. Mwambie tunatoa kwa sababu tumekwisha kupewa. Wala usimwambie fedha ni mbaya, akamwona baba yake mwenye duka kuwa mwovu. 1 Timotheo 6:10 inakataza kupenda fedha. Zakayo katika Luka 19 ni mfano mzuri wa wiki inayofuata: alikuwa tajiri, akaahidi nusu ya mali kwa maskini, na kuwarudishia mara nne aliowadhulumu.

Jiandae kwa maswali mawili. "Mjane alikula nini jioni?" Jibu kwamba Biblia haisemi, ila Yesu alimwona. "Mungu anazifanyia nini hela?" Hili ulijibu kwa vitu vya kushikika: chaki, sabuni ya kufulia vitambaa vya kanisa, unga wa bibi mgonjwa wa jirani, kulingana na usharika wenu unavyofanya kweli. Muulize mhazini kabla ya Jumapili, usibuni.

Zaka ifundishwe kwa wa miaka 8 kwenda juu, kwa sarafu kumi mezani na moja kusogezwa pembeni kwanza. Kwa wadogo, waombe wazazi wampe mtoto hela yake mapema, Jumamosi, aamue mwenyewe kiasi cha kutoa. Akiamua kutotoa, mzazi asimlazimishe: 2 Wakorintho 9:7 inasema "si kwa huzuni, wala si kwa lazima". Jumapili inayofuata, waonyeshe watoto kitu kimoja kilichonunuliwa kwa sadaka yao, na wakishike.